Mchezaji wa mstari wa mbele katika futiboli ya Kimarekani: maana yake kupitia maisha ya Joe Thomas

Katika futiboli ya Kimarekani, timu yenye mpira huingiza uwanjani wachezaji 11, na watano kati yao hujipanga bega kwa bega kwenye mstari unaoanzia mpira, wakitazamana ana kwa ana na wapinzani wao. Hao ndio wachezaji wa mstari wa mbele. Katikati yupo senta, ambaye huanzisha kila zamu, yaani kila shambulizi moja moja, kwa kuupitisha mpira baina ya miguu yake kumpa kotabeki, mwongozaji wa mashambulizi na mrushaji wa pasi, aliye nyuma; kulia na kushoto kwake wapo walinzi wawili waitwao magadi, na mwisho wa kila upande yupo mlinzi wa ukingo. Kazi yao ni kumfungulia njia mwenzao anayekimbia na mpira, na kumkinga kotabeki mpaka amalize kurusha pasi. Kwa kawaida sheria haziwaruhusu kudaka pasi ya kwenda mbele. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza nafasi hii miaka kumi bila kufunga pointi yoyote, na bado akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora waliowahi kutokea.

Ugumu wa kuipima kazi hii unatokana na hilo hilo. Mkimbiaji hupimwa kwa yadi, na kotabeki kwa pasi zilizofika, lakini mlinzi wa mstari hupimwa kwa mambo ambayo hayakutokea: kotabeki hakuangushwa, mpira haukuporwa, refa hakurusha kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa. Kosa lake moja tu, kama kumshika mpinzani isivyo halali, huirudisha timu yake nyuma yadi 10, na hapo ndipo watazamaji wengi hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Kati ya watano hao, mlinzi wa ukingo wa kushoto ana mzigo wa pekee. Kotabeki anayetumia mkono wa kulia hugeuza mwili anapojiandaa kurusha, hivyo hamwoni anayemjia kutoka kushoto. Tarehe 18 Novemba 1985, Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangusha Joe Theismann, kotabeki wa Washington, na mguu wa Theismann ukavunjika mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama televisheni, hakucheza tena. Wakimbizaji wa aina ya Taylor, wenye mwili mkubwa na mbio, ndio waliozifanya klabu ziwe tayari kulipa fedha nyingi kwa mtu wa kuulinda upande huo.

Joe Thomas, aliyezaliwa mwaka 1984 katika jimbo la Wisconsin, alikuwa mmoja wa waliolipwa kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu hakuna maisha ya mchezaji yanayoifafanua nafasi hii vizuri kuliko yake. Alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako pia alirusha tufe na kisahani katika riadha. Mwezi Januari 2006, timu ikiwa na upungufu wa wachezaji, alipangwa upande wa wanaoizuia timu yenye mpira katika mechi dhidi ya Auburn na akaumia ligamenti ya goti. Alirudi msimu uliofuata na kushinda tuzo ya Outland, ya mchezaji bora wa mstari katika vyuo vikuu. Siku ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, Aprili 2007, alikataa kwenda New York kukaa mbele ya kamera na badala yake akaenda kuvua samaki na baba yake katika Ziwa Michigan. Cleveland Browns walimchagua wa tatu kwa jumla.

Alikuwa na urefu wa takriban mita 1.98 na uzito wa kilo zipatazo 141, lakini nguvu peke yake haimtoshi mtu wa nafasi hiyo. Mara mpira unapotoka kwa senta, mlinzi huinuka nusu, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, kisha huteleza kinyumenyume kwa hatua fupi huku akimzuia mpinzani asipate njia ya mkato. Akiwahi kuinyoosha mikono, mpinzani huipangua. Akichelewa, hujikuta anasukumwa hadi miguuni mwa kotabeki wake. Inambidi aweke viganja kifuani mwa mtu huyo, ndani ya mabega, na kushikilia hapo kwa sekunde mbili au tatu. Thomas alifanya hivyo kwa utulivu kiasi kwamba marudio ya picha zake huonekana kana kwamba hakuna kinachotokea.

Katika mechi yake ya kwanza, Septemba 2007, Browns walifungwa 34 kwa 7 na Pittsburgh, na siku chache baadaye klabu ikamwuza kotabeki aliyeianza mechi hiyo. Huo ulikuwa mwanzo tu, kwani katika miaka yake Cleveland makotabeki walibadilishwa mara kwa mara, na Thomas hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Msimu wa 2016 timu ilishinda mechi 1 na kupoteza 15. Pamoja na hayo, alichaguliwa kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, katika kila mmoja wa misimu yake kumi ya mwanzo. Ninaliona jambo hili kuwa zito kuliko mataji, kwa sababu mlinzi wa timu inayoshindwa hushambuliwa zaidi: wapinzani wanajua timu iliyo nyuma kwa pointi italazimika kurusha pasi, basi humjia bila kusita.

Tarehe 22 Oktoba 2017, katika mechi dhidi ya Tennessee Titans, alichanika kano ya msuli wa nyuma ya mkono wa kushoto. Mpaka hapo alikuwa amecheza zamu 10,363 mfululizo, yaani hakukosa hata zamu moja ya mashambulizi ya timu yake tangu siku ya kwanza. Ligi ilikuwa haijawahi kuandika mfululizo mrefu kama huo tangu ianze kuhesabu zamu. Alitangaza kustaafu Machi 2018, na mwaka 2023 akaingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya Kimarekani ulioko Canton, Ohio, katika mwaka wa kwanza wa kustahili kwake.

Wasomaji wa Kenya huenda wanamkumbuka Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka 2017 aliicheza nafasi hiyo hiyo ya kushoto katika baadhi ya mechi za Seattle Seahawks.

Baada ya kustaafu, Thomas alipunguza uzito zaidi ya kilo 20, kwa kuwa mwili mkubwa aliokuwa nao uwanjani ulitunzwa kwa kula kupita njaa yake, siku baada ya siku, huku magoti na mgongo vikiuma. Hata kabla ya kustaafu alikwishasema hadharani kwamba alianza kuona kumbukumbu zake zikipungua. Wachezaji wengi wa mstari hugongana vichwa na wapinzani karibu katika kila zamu, kwa kishindo kidogo kisichosimamisha mchezo wala kumwita daktari, na ni migongano hiyo midogo iliyorudiwa kwa miaka mingi ambayo watafiti wa ubongo wanaihusisha na madhara yanayojitokeza baadaye maishani.