"Mwanangu hakukusudia"

Mama mmoja alinifuata nje ya Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, pindo la kanga limefungwa fundo la nauli, akaniuliza: "Wakili, mbona hakimu hakumuuliza chochote mwanangu? Angemuuliza, angesema hakukusudia, yakaisha."

La hakimu lilikuwa jepesi. Kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu. Pale Kisutu inatajwa tu, upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa, mshtakiwa anarudishwa mahabusu kwa sababu kosa lenyewe halina dhamana. Ndiyo maana magazeti hayachoki kuandika kwamba mshtakiwa "hakutakiwa kujibu chochote". Lililonitoa jasho ni lile neno lake la pili, hakukusudia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa mawili makubwa ya kuua. Kifungu cha 195 ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 196 ndicho tunachokiita kuua kwa kukusudia, au mauaji tu kwa mkato, na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. (Hukumu hiyo inaendelea kutolewa ingawa mara ya mwisho mtu kunyongwa nchini ilikuwa 1994, na Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunavunja haki ya kuishi.)

Tatizo ni kwamba kukusudia, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni kupanga. Mtu hukusudia kuoa, hukusudia safari ya Tanga. Kwa hiyo mtu akisikia "kuua kwa kukusudia" picha inayomjia ni ya aliyekesha ananoa panga. Sheria haidai hivyo. Inachodai ni nia ovu, wengine husema dhamira ovu, na kifungu cha 200 kinaipa tumbo kubwa. Ulitaka kumvunja tu, kumuumiza vibaya, akafa: nia ovu ipo. Ulimlenga Juma ukampata Hamisi: ipo. Ulijua kipigo kile huenda kikaua lakini hukujali: ipo pia. Hata aliyekuwa katika kutenda kosa jingine ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, mtu akafia mikononi mwake, anaingia humo.

Na kwa kuwa moyo wa mtu haufunguliwi kama jokofu, mahakama huangalia alama zilizobaki nje. Katika Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994 Mahakama ya Rufani ilizitaja, na majaji wanazirudia mpaka leo: silaha ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, mapigo mangapi, majeraha ya namna gani, mshtakiwa alisema nini kabla, wakati au baada ya tukio, na alifanya nini baadaye.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nami nafurahi. Lakini naona "kukusudia" ni tafsiri iliyobeba mzigo usio wake. Ningeandika kuua kwa nia ovu na kuua bila nia ovu. Neno geni kidogo humfanya mtu aulize maana. Neno analodhani analijua humponza.

Wanahabari nao wana lao. "Kibaka auawa na wananchi wenye hasira kali." Nimesoma kichwa hicho tangu niko shule. Kisheria hasira ina nafasi yake: kifungu cha 201 kinashusha mauaji kuwa kuua bila kukusudia iwapo mtu alichokozwa ghafla na akatenda kabla damu haijapoa. Ni utetezi ambao jaji huupima kwa mshtakiwa mmoja mmoja. Gazeti linaugawa bure kwa umati mzima, hadi kwa aliyetokea kituo cha daladala, hajui kilichoibwa, akaokota tofali. Kifungu cha 23 cha nia ya pamoja kinamgusa huyo pia, na "mimi nilimtandika moja tu" haimtoi. Likitaka kuwa laini zaidi, gazeti huandika "alifariki dunia baada ya kupigwa". Hapo muuaji ametoweka kwenye sentensi.

Waswahili wenyewe tumeshalainisha mengi. Katili tulilichukua kwa Waarabu likiwa na maana ya muuaji; leo mwalimu mwenye fimbo ni katili, baba mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita ni katili.

Nikarudi kwa yule mama. Nikamuuliza mwanawe alimpiga mwenzake kwa nini.

"Walikuwa wanagombea hela ya—"

"Hapana, mama. Namaanisha kwa kitu gani?"

"Mchi."

"Wapi?"

Akanyanyua mkono, akagusa nyuma ya sikio lake mwenyewe.

"Mara ngapi?"

Akafungua lile fundo, akalifunga tena. "Wanasema mbili," akanijibu. "Mimi nilisikia moja."

Nikatoa daftari nikaandika zote mbili.