Waliokufa Bila Risasi: Namna Vifo vya Vita Vinavyohesabiwa

Vita vinapozuka popote, watu huuliza kwanza wamekufa wangapi, na jibu huja kwa tarakimu moja inayosambaa redioni, magazetini na kwenye simu zetu kana kwamba kuna mtu aliyesimama uwanjani akihesabu. Kazi yangu ni kusoma na kupanga takwimu za migogoro ya kivita. Ninaifanyia hapa Tanga, mji ambao historia yake inaonyesha wazi jinsi hesabu inavyoweza kuwa sahihi na bado ikawaacha nje walio wengi.

Hesabu inayotegemewa zaidi na watafiti hutoka katika mradi wa takwimu za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, unaojulikana kwa kifupi kama UCDP. Kwa mujibu wa mradi huo, mgogoro wa kivita unaohusisha dola ni ule ambao pande mbili zinagombea serikali au eneo, angalau upande mmoja ukiwa ni serikali, zinatumia silaha, na mapigano yao yanaua watu wasiopungua 25 katika mwaka mmoja wa kalenda. Vifo vikifika 1,000 kwa mwaka, mgogoro huo huitwa vita. Kwa kipimo hicho, mwaka 2024 ulikuwa na migogoro 61 ya aina hiyo, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1946. Kila tukio huandikwa kwa makadirio matatu, la chini, la juu na lile linaloaminika zaidi, na anayeingizwa ni mtu aliyeuawa na mapigano yenyewe, awe mpiganaji au raia aliyepigwa na kombora nyumbani kwake. Aliyekufa kwa kuhara damu kambini baada ya kuukimbia mji uleule hahesabiwi.

Sasa tukipime kipimo hicho kwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi cha Uingereza cha watu wapatao 8,000, kilicholetwa kutoka India, kiliteremka Ras Kazone na kushindwa na jeshi la Wajerumani la watu wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Waingereza walipoteza watu 360 waliouawa na 487 waliojeruhiwa. Upande wa pili waliuawa Wajerumani 16 na askari Waafrika 55. Watu husimulia zaidi habari za nyuki waliowavamia wapiganaji, lakini mimi naona hesabu ndiyo inayostahili kusimuliwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngamiani, ambaye hupenda kunihoji kuhusu kazi hii, alizitazama tarakimu hizo akaniuliza, "Mwanangu, na wapagazi mmewaweka wapi?" Nikamjibu, "Humu hawamo, Mwalimu."

Hawamo kwa sababu vifo vyao havikutokea siku zile tatu, wala havikutokea kwa risasi. Vita vilivyoanza hapa pwani viliendelea hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka hiyo Waingereza peke yao waliwatumia Waafrika wapatao milioni moja kubeba chakula, risasi na majeruhi katika nchi ambayo malale yaliua wanyama wa mizigo na reli haikufika kila mahali. Wanajeshi wa upande huo waliouawa katika mapigano ni elfu chache tu, ilhali makadirio ya wapagazi waliokufa huanzia 90,000 na kupita 100,000, wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu au kisichotosha. Mpagazi aliyepigwa risasi akiwa na sanduku kichwani angeingia katika hesabu ya leo, na mwenzake aliyekufa kwa kuhara wiki mbili baadaye, akiwa amebeba sanduku lilelile, asingeingia. Ugogo hakukuwa na uwanja mkubwa wa mapigano, lakini majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wenye nguvu za kulima, na mvua zilipokosekana ikaja njaa ya Mtunya, inayokadiriwa kuua watu 30,000, yaani mmoja kati ya watano.

Wapo wanaodai kwamba dawa ya kasoro hii ni kulegeza kanuni za UCDP ili vifo vyote viingie. Sikubaliani nao. Thamani ya kanuni ngumu ni kwamba mwaka unaweza kulinganishwa na mwaka mwingine, na nchi na nchi nyingine, bila kubadilisha maana ya kinachohesabiwa. Vifo visivyo vya risasi vinahitaji hesabu yake, na hesabu hiyo ina mitego yake.

Mtego mkubwa ulionekana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Shirika la misaada la International Rescue Committee lilifanya tafiti za kaya na kukadiria kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya wale ambao wangekufa kama kusingekuwa na vita, sehemu ndogo sana wakiwa wameuawa kwa silaha. Ili kupata vifo hivyo vya ziada lazima kwanza ukubali kiwango cha vifo cha wakati wa amani. Watafiti walichukua wastani wa nchi za kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, na wapinzani wao nchini Kanada wakasema kwamba Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo hata kabla ya vita. Ubishi huo ni mzito. Katika nchi ya watu milioni 60, ukipandisha kiwango cha amani kutoka 1.5 hadi 2, unaondoa vifo 30,000 kila mwezi, au 360,000 kwa mwaka, bila mtu mmoja kufufuka. Kwa hiyo naitumia milioni 5.4 kwa tahadhari, na daima naitaja pamoja na kiwango kilichoizaa.

Njia nyingine, ambayo naiamini zaidi pale tafiti za kaya zinaposhindikana, ni kulinganisha orodha. Ilianzia kwa wanaohesabu samaki na wanyama kwa kuwatia alama, kuwaachia, na kuona wangapi wananaswa tena, na wavuvi wetu wa Deep Sea hapa Tanga wangeielewa mara moja. Tuseme orodha ya kwanza ina marehemu 100, ya pili 80, na majina 20 yamo katika zote mbili. Orodha ya kwanza imenasa robo ya walio katika ya pili, basi yaelekea imenasa robo ya wote, na wote ni kama 400. Sharti ni kwamba orodha zisitegemeane, kwa maana zikikusanywa kwa watu walewale, majina yanayorudiwa huwa mengi kupita kiasi na jumla hupungua isivyo haki.

Hivyo ndivyo watafiti wa London na wenzao wa Sudan walivyofanya kwa jimbo la Khartoum, kwa kutumia taarifa za umma, mitandao ya wanajamii na tanzia za mitandaoni. Walikadiria kwamba kati ya Aprili 2023 na Juni 2024 walikufa zaidi ya watu 61,000 kwa sababu zote, wakiwemo 26,000 waliouawa kwa vurugu. Wakati huo ACLED, mradi mwingine wa takwimu za migogoro, unaotegemea zaidi taarifa za matukio, ulikuwa umerekodi vifo vya vurugu karibu 20,000 kwa Sudan nzima.

Palma, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, ilishambuliwa Machi 2021, na serikali ya Msumbiji ikazungumzia makumi ya waliouawa. Uchunguzi wa mwandishi wa habari aliyepeleka watu nyumba kwa nyumba ulipata zaidi ya raia 1,100. Hao waliuawa kwa silaha, aina ya kifo ambacho kila kanuni inakitambua, na bado walikosekana kwa sababu hakuna aliyekwenda kubisha hodi. Ndiyo maana mtu akiniletea tarakimu ya vita vyovyote, kabla ya kuuliza ni kubwa au ndogo, namuuliza nani alikwenda, alimuuliza nani, na alikuwa akitafuta kifo cha namna gani.