Elimu ya awali inayofuata makuzi ya mtoto: maana yake katika chekechea ya Kiyahudi

Ijumaa asubuhi, chekechea nyingi za Kiyahudi, ziwe za Tel Aviv, London au Chicago, hunukia mkate. Watoto wa miaka 3 na 4 wamezunguka meza, mikono imejaa unga, wanaviringisha madonge yawe kamba kisha wanasuka khala, mkate wa Sabato. Mmoja anasuka vizuri. Mwingine ametengeneza nyoka. Wa tatu hataki kabisa unga umguse, amesimama anatazama. Mwalimu haukandi upya ule wa nyoka ili ufanane na wa jirani. Anamuuliza mwenyewe nyoka wake anakwenda wapi. Yule anayetazama anapewa brashi na bakuli la yai, apake juu ya mikate ya wenzake. Kisha vyote vinaingia jikoni, nyoka akiwemo.

Hiyo ndiyo elimu inayofuata makuzi: elimu inayomtazama mtoto kwanza, kitabu cha mwalimu baadaye. Makuzi si urefu na kilo pekee. Ni mwili, lugha, akili, hisia na namna ya kuishi na wenzake, na mambo hayo hayaendi kwa kasi moja. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukusimulia hadithi ndefu na bado akashindwa kufunga kifungo cha shati. Mwalimu anayelijua hilo halazimishi penseli. Anaweka mezani udongo, shanga na mkasi, kwa kuwa vidole vinavyokanda leo ndivyo vitakavyoandika kesho.

Wengi wakisikia hivyo hudhani maana yake ni kuwaacha watoto wacheze tu. Hapana. Kile kikombe cha kupimia unga hakikufika mezani kwa bahati. Kimewekwa ili mtoto ahesabu. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1896 katika familia ya Kiyahudi huko Belarus ya leo, alionyesha kwamba kuna mambo mtoto anayaweza peke yake, na mengine anayaweza akiwa na mkubwa wa kumsaidia. Kazi ya mwalimu iko hapo katikati. Akikaa nyuma mno, mtoto anadumaa. Akikimbilia mbele mno, mtoto anakata tamaa.

Nchini Marekani, chama cha walimu wa watoto wadogo kiitwacho NAEYC kilitoa mwongozo wa malezi haya katika miaka ya 1980. Mwanzoni kilisisitiza mambo mawili: umri wa mtoto, na mtoto mwenyewe alivyo. Mwaka 1997 kikaongeza la tatu, yaani utamaduni wa familia na jamii anayotoka. Kwangu mimi hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloipa chekechea ya Kiyahudi nafasi yake. Dini haiwi kipindi cha nusu saa kinachokatiza michezo. Inakuwa unga, mshumaa, wimbo, na kibweta cha sarafu.

Chukua suala la wakati. Mtoto mdogo hajui "wiki ijayo" ni nini. Lakini kwa Kiebrania siku hazina majina, zinahesabiwa: siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, halafu Sabato. Sisi tunaosema Jumamosi, Jumapili, Jumatatu tunaelewa mara moja. Mswahili anahesabu tangu Ijumaa, Myahudi anahesabu tangu Sabato. Na Sabato yenyewe huingia Ijumaa jua linapozama, kama siku ilivyoanza magharibi kwa wazee wetu wa pwani. Basi mtoto anahesabu siku kwa vidole, na anajua zimetimia anaponusa mkate. Sabato ikitoka, watu hunusa viungo, mara nyingi karafuu, na chekechea nyingi huwapa watoto kijisanduku cha viungo hivyo wakinuse wao wenyewe. Mtoto ambaye hawezi kueleza tofauti ya siku takatifu na siku ya kazi tayari anaijua kwa pua.

Kibweta cha sarafu nacho kina funzo lake. Kiebrania huita utoaji huo tsedaka, ndugu wa neno letu sadaka, ila kwa Kiebrania shina lake ni haki. Mtoto anaangusha sarafu, anasikia mlio, anaanza kujua kwamba yupo mtu mwingine anayestahili.

Walimu wa Kiyahudi hawajioni kama wameazima wazo geni. Mithali 22:6, ambayo Biblia yetu husema "Mlee mtoto katika njia impasayo", kwa Kiebrania inasema kwa kadiri ya njia yake, na wengi huisoma hiyo "yake" kuwa ni ya mtoto mwenyewe. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, mmoja wao aitwaye Rav alimwagiza mwalimu mmoja asipokee mwanafunzi aliye chini ya miaka 6. Humo humo imewekwa hesabu ya watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Na usiku wa Pasaka, masimulizi ya kutoka Misri yanataja wana wanne, kila mmoja na jibu lake. Wa nne ni yule asiyejua hata kuuliza. Kwake agizo ni moja: wewe mfungulie. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya kazi ya mwalimu wa chekechea.

Lakini jina zuri halitoshi. Ukiona ukutani vinara 20 vya karatasi vya Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha taa, vyote sawasawa, vyenye mishumaa iliyonyooka kama rula, ujue hiyo ni kazi ya mtu mzima, ya kuwafurahisha wazazi. Kinara kilichotoka mikononi mwa mtoto kina mishumaa 11 au 5, na hapo ndipo mwalimu anapata pa kuketi naye wahesabu usiku nane za sikukuu.

Jambo hili si la Wayahudi peke yao. Mombasa, katika miaka ya 1980, wazazi Waislamu walitaka watoto wapate dini na maandalizi ya shule pamoja, na Wakfu wa Aga Khan ukasaidia kuanzisha shule za awali za madrasa zenye kona za kujifunzia na zana zilizotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Baadaye zikaenea Zanzibar na Uganda.

Swali linaloulizwa huko na huku ni lile lile: mbona mwanangu hajui kusoma bado? Katika chekechea ya Kiebrania, ambayo huitwa gan, yaani bustani, mwalimu anaweza kumwongoza mzazi hadi kwenye kabati la makoti. Kila ndoano ina jina. Mtoto, ambaye hajawahi kuketishwa kufundishwa herufi, anakwenda moja kwa moja kwenye la kwake, kisha anaonyesha la rafiki yake, na kusema kwamba yote mawili yanaanza na alefu, herufi ya kwanza ya Kiebrania.