Maana ya mpango wa kutoka kiotomatiki katika biashara ya opsheni

Mpango wa kutoka kiotomatiki ni masharti ambayo mfanyabiashara wa opsheni huyaamua kabla ya kuingia sokoni, kisha akayakabidhi kwa mfumo wa dalali wake ili mkataba ufungwe, yaani uuzwe au ununuliwe tena ili atoke, pasipo yeye kubonyeza kitufe, pindi sharti mojawapo litakapotimia. Sharti hilo laweza kuwa faida iliyolengwa, hasara ambayo hayuko tayari kuivuka, tarehe, au bei ya hisa ambayo opsheni hiyo imejengwa juu yake. Mfumo hauamui chochote. Unatekeleza uamuzi uliofanywa mapema na mtu ambaye wakati huo alikuwa bado hajashikwa na hofu wala tamaa.

Opsheni yenyewe ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza mali fulani kwa bei iliyokubaliwa, ndani ya muda uliowekwa au siku ya mwisho ya mkataba. Marekani, ambako opsheni za hisa zilianza kuuzwa katika soko rasmi mjini Chicago mwaka 1973, mkataba mmoja wa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo opsheni inayotajwa kwa bei ya dola 3 humgharimu mnunuzi dola 300.

Ugumu wa kupanga namna ya kutoka unatokana na jambo moja ambalo wanaohamia kwenye opsheni kutoka kwenye hisa hulisahau mara nyingi: bei ya hisa ikipanda, mwenye hisa amepata, lakini bei ya opsheni huongozwa hasa na mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni bei ya hisa. La pili ni muda uliobaki, ambao huila thamani ya opsheni kila siku hata soko likiwa limelala. La tatu ni kiwango cha kuyumba kwa bei ambacho soko linakitarajia. Kikishuka, opsheni zote za hisa hiyo hupungua thamani, za kununua na za kuuza vilevile.

Tuchukue mfano. Hisa inauzwa dola 100, na mtu ananunua kwa dola 3 opsheni ya kununua yenye bei ya mkataba, yaani bei iliyokubaliwa ya kununulia hisa, ya dola 105 na siku 60 za uhai. Anaweka oda ya kuzuia hasara, yaani agizo la kuuza opsheni ikishuka hadi bei fulani, kwenye dola 1.50, akijiambia kwamba akipoteza nusu atakuwa amekosea. Siku 20 zinapita, kampuni inatoa taarifa yake ya mapato, hisa inabaki palepale kwenye dola 100, lakini kuyumba kunakotarajiwa kunashuka kutoka takriban asilimia 31 hadi 25 kwa mwaka, kwa kuwa jambo lililokuwa likisubiriwa limeshapita. Kwa hesabu ya Black na Scholes, fomula maarufu ya kukadiria bei ya opsheni, riba ikiwekwa kando, opsheni hiyo sasa ina thamani ya dola 1.45 hivi. Oda inafyatuka, mkataba unauzwa, nusu ya fedha imekwenda, ingawa hisa haijashuka hata senti moja na hoja ya mnunuzi kuhusu mwelekeo wake haijathibitishwa wala kukanushwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mipango mingi inapoharibika. Sharti la kutoka linapaswa kufungwa kwenye sababu iliyomfanya mtu aingie. Aliyeingia kwa kuamini kwamba hisa haitashuka chini ya dola 94 aweke sharti kwenye bei ya hisa: hisa ikifika dola 94, opsheni iuzwe. Madalali wengi huruhusu oda ya namna hii, ambapo kinachoangaliwa ni kitu kimoja na kinachouzwa ni kingine. Aliyenunua kwa sababu alitarajia msukosuko wakati wa taarifa ya mapato aweke sharti la tarehe, kwani msukosuko ukishapita, au usipotokea, hana tena sababu ya kubaki. Kikomo kilichowekwa kwenye bei ya opsheni yenyewe bado kina kazi, ila kazi yake ni kulinda mtaji. Hakiwezi kueleza kama mtu alikuwa sahihi.

Baada ya sharti huja swali la aina ya oda. Oda ya kuzuia hasara iliyo rahisi zaidi hugeuka kuwa oda ya bei ya soko mara inapoguswa, yaani huuza kwa bei yoyote inayopatikana wakati huo. Hatari yake ilionekana hata kwenye hisa na mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni tarehe 24 Agosti 2015, siku ambayo kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilishuka kwa zaidi ya pointi 1,000 mara baada ya soko la New York kufunguliwa, na oda nyingi za aina hiyo zikatekelezwa kwa bei za chini mno. Mwaka uliofuata soko la hisa la New York likaacha kuzipokea. Katika opsheni, ambako wanunuzi ni wachache zaidi kwa kila mkataba, tatizo huwa kubwa kuliko hapo. Oda yenye kikomo cha bei humkinga mtu asiuze kwa bei ya kutupa, lakini bei ikiruka kikomo hicho, mkataba hautauzwa kabisa na hasara itaendelea. Hakuna njia ya kuupata uhakika wa kutoka na uhakika wa bei kwa pamoja; mtu huchagua kimoja, na ni afadhali achague akijua.

Lipo pia suala dogo linalowagharimu watu fedha nyingi: ni bei ipi inayofyatua oda? Ikiwa mnunuzi anatoa dola 1.40 na muuzaji anataka dola 2, mifumo mingine huangalia bei ya mnunuzi, mingine bei ya biashara ya mwisho, mingine bei ya katikati, ambayo hapa ni dola 1.70. Dakika za kwanza za soko pengo hilo hutanuka, na oda inayoangalia bei ya mnunuzi inaweza kufyatuka kwa sababu ya pengo tu. Dalali hueleza jambo hili katika maelekezo yake, na inafaa yasomwe kabla ya oda kuwekwa.

Kwa kawaida lengo la faida na kikomo cha hasara huunganishwa, ili moja likitekelezwa lingine lifutwe papo hapo. Anayeanza kwa kuuza opsheni, yaani anayepokea malipo na kubeba wajibu wa mkataba, hutumia mpangilio huohuo kinyume: akiuza kwa dola 2, huacha oda ya kununua tena kwa dola 1, kwani nusu ya faida ikishapatikana, kilichobaki mara nyingi hakilingani na hatari ya kuendelea kusubiri. Wauzaji wengi huongeza sharti la siku 21 kabla ya mwisho, kwa sababu karibu na ukomo mwendo mdogo wa hisa huitikisa sana bei ya opsheni.

Nafasi, yaani biashara ambayo mtu bado hajaifunga, yenye mikataba zaidi ya mmoja, kwa mfano opsheni moja iliyonunuliwa ili kuilinda nyingine iliyouzwa, ifungwe kwa oda moja inayoshughulikia mikataba yote. Kila mkataba ukiwekewa kikomo chake, mfumo unaweza kuuza ule wa kinga na kumwacha mtu na ule wa hatari ukiwa wazi.

Siku ya mwisho ina otomatiki yake. Huko Marekani, opsheni ya hisa iliyo na faida ya angalau senti moja dhidi ya bei ya mkataba hutekelezwa yenyewe na taasisi ya kukamilisha malipo isipotolewa maagizo ya kinyume, na asiyetaka kujikuta na hisa 100 kwa kila mkataba hana budi kuwa ameshatoka kabla ya hapo. Oda hazifanyi kazi soko likiwa limefungwa pia: hisa inaweza kuuzwa alfajiri kwa bei tofauti kabisa, huku opsheni yake ikisubiri saa 3:30 asubuhi kwa saa za New York, na sharti la dola 94 likakuta hisa tayari iko dola 88.

Mwisho kuna oda zinazosahauliwa. Mtu akifunga nafasi yake kwa mkono huku oda ya kuuza ya muda usio na kikomo ikiwa bado hai kwenye mfumo, siku sharti litakapotimia oda hiyo inaweza kuuza opsheni ambayo hanayo tena. Ikiwa akaunti yake inaruhusu kuuza bila kinga, atakuwa amefungua nafasi mpya, yenye hatari kuliko ya kwanza, bila kujua. Kwa hiyo kila anayetoka kwa mkono aanze kwa kufuta oda zilizobaki, ndipo afunge mkataba.