Kabla ya Kununua Amplifaya, Isome Kwanza Spika Yako

Mzee mmoja mstaafu anayeishi Ilazo alifika kwenye karakana yetu ya elektroniki hapa Dodoma akiwa na vijana wawili wamembebea spika za kusimama sakafuni, ndefu kufika kiunoni, mbao yake imepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Spika nzuri kwelikweli. Twita zote mbili, yaani vile vipaza vidogo vya sauti za juu, zilikuwa kimya.

"Mwalimu, mimi si mtu wa fujo," aliniambia. "Nilinunua amplifaya ya wati 20 makusudi, ili nisije nikaziunguza."

Nikafungua twita moja mbele yake. Ndani kuna koili ya waya mwembamba kama unywele, imezungushwa kwenye kijikopo chenye upana wa sarafu. Ilikuwa nyeusi. Gundi ilikuwa imechemka ikafanya mapovu, na harufu ya kuungua ikatanda mezani. Nikaweka mita, haikusoma kitu: waya umekatika. Mzee aliiangalia ile koili kwa muda mrefu bila kusema neno. Zilikuwa spika alizozitafuta miaka mingi.

Naandika haya kwa sababu si yeye peke yake. Nyumba zinazojengwa Kisasa, Iyumbu na Nzuguni zina sebule kubwa, na watu waliohamia na kazi za serikali wanaleta spika za maana au wanaagiza mpya. Kisha wanakwenda dukani wanauliza swali moja tu: "Hii ina wati ngapi?" Swali hilo halina jibu mpaka tujue inakwenda kuendesha spika gani, ndani ya chumba gani.

Nianze na lililomkuta mzee, maana ndilo linaloaminika kinyume. Kila amplifaya ina dari, kiwango cha volti isichoweza kukivuka. Ukiongeza sauti kupita hapo, mawimbi ya muziki hukatwa vichwa: wimbi lililokuwa na kilele cha mviringo linakuwa bapa kama meza. Wimbi lililokatwa hivyo linaweza kubeba hadi mara mbili ya nguvu ya wimbi safi la kimo kile kile, na sehemu ya nguvu hiyo hukimbilia kwenye sauti za juu, ambazo krosova, saketi ya ndani ya spika inayogawa sauti, huzipeleka moja kwa moja kwa twita. Twita haikuumbwa kwa mzigo huo. Wati 100 zilizoandikwa mgongoni mwa spika ni za sanduku zima likipiga muziki wa kawaida. Twita yenyewe hubeba wati chache tu kwa mfululizo. Kwa hiyo amplifaya ndogo inayohemea juu ni hatari kuliko kubwa inayotembea polepole.

Sasa tuisome spika. Tafuta kwenye karatasi zake kipimo cha unyeti, yaani sauti inayotoka ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya desibeli 84 na 91. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu mara mbili, na desibeli 10 zinadai mara kumi. Spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, iko kwenye 82 au 83 hivi. Klipschorn, spika ya pembe iliyotengenezwa Marekani tangu 1946, inavuka 100. Kinachofanywa na wati 1 kwenye Klipschorn kingehitaji karibu wati 100 kwenye LS3/5A, na LS3/5A yenyewe haihimili nguvu hiyo. Ni spika ya kukaa karibu nayo usikilize kwa utulivu, na kwa kazi hiyo mimi naipenda sana.

Tuchukue sebule ya mzee. Spika zake ni za 86, kochi lake liko mita 4 kutoka zilipo. Uwanjani, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hushuka desibeli 6, kwa hiyo mita 4 zingekula 12. Chumbani kuta hurudisha sauti, hivyo mimi huhesabu hasara ya 8 kwa makadirio. Spika ya pili inaongeza 3. Basi wati 1 kwa kila spika inamfikishia desibeli 81 pale alipokaa. Hiyo ni sauti ya kutosha kabisa, na ndipo watu wengi wanapodanganyika wakadhani wati 20 ni nyingi mno.

Muziki hauendi tambarare. Mzee anapenda ngoma za nyumbani, na mwanamke wa Kigogo anapoipiga ngoma ya muheme, mshindo mmoja unaweza kuruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani. Kuufikia mshindo wa desibeli 98 kwenye kochi lile kunataka wati 50. Kwa 101 unataka 100. Wati 20 zinaishia 94, na kila kinachozidi hapo kinakatwa kichwa. Angekuwa na spika za unyeti wa 92, mshindo ule ule wa 98 ungetoshwa na wati 12 na nusu. Hesabu hii ifanye kwa chumba chako kabla hujatoa pesa.

Kipimo cha pili ni omu, yaani upinzani wa spika kwa umeme, na hapa spika za bei kubwa ndizo zenye hila. Ile 8 au 4 iliyoandikwa ni ya jumla tu. Upinzani wa spika hupanda na kushuka kufuatana na masafa ya sauti, na zipo spika za kifahari zilizoandikwa 8 ambazo mahali fulani kwenye besi hushuka hadi 3. Amplifaya inayotoa wati 100 kwa omu 8 inasukuma mkondo wa ampea 3.5 hivi. Spika ikishuka hadi omu 3, kwa volti zile zile inadai ampea zaidi ya 9. Yenye transfoma dhaifu haina pa kuzitoa: besi inalegea, au kinga inakata muziki katikati.

Kwa hiyo soma namba mbili kwa pamoja. Amplifaya inayoandikwa wati 100 kwa omu 8 na 180 au 200 kwa omu 4 ina misuli. Inayoandikwa 100 na 120 haina. Inayokaa kimya kuhusu omu 4, usiiunganishe na spika ya omu 4. Na ukitia mita kwenye spika ya omu 8 ukaona 6 na kidogo, usishtuke, mita hupima waya wa koili tu.

Kuna mtego mwingine humo humo. Kampuni nyingi hupima unyeti kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati 1, lakini kwa ya omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 iliyoandikwa 88 kwa volti 2.83, kwa wati 1 ni ya 85.

Kuhusu zile redio za sabufa zilizoandikwa maelfu ya wati PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, namba hiyo haipimi kitu unachoweza kukitegemea. Marekani iliweka kanuni tangu 1974 ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, kwa sababu matangazo yalikuwa yamevuka mipaka. Wewe tafuta nguvu ya mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, kwa omu iliyotajwa, kutoka hezi 20 hadi 20,000.

Madaraja ya amplifaya, yaani A, AB na D, namna saketi zake zinavyotumia umeme, yasikusumbue sana. Daraja A linakula umeme hata kukiwa kimya: linalovuta wati 250 humaliza uniti moja ya LUKU kila saa 4, na linatoa joto ambalo Dodoma ya Novemba haihitaji. AB ndilo la watu wengi. Daraja D siku hizi limekuwa zuri, jepesi na la baridi, na kwa spika zenye kiu kama za mzee ndilo ninalolipendekeza mara nyingi. Amplifaya za taa za vioo (valvu) zina utamu wake, lakini zipe spika za unyeti mkubwa, na uunganishe kwenye tundu la omu linalolingana na spika.

Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, amplifaya ya kawaida inapoteza kama robo ya nguvu yake ya juu. Kwa sikio ni desibeli 1 na kidogo, hutaigundua. Hatari iko pale umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa hiyo chomoa plagi, subiri utulie, ndipo uwashe. Na mtumba kutoka Japani, geuza usome nyuma: kwao ni volti 100. Bila transfoma ya kushushia, utauona moshi kabla ya muziki. Vumbi letu la kiangazi nalo huziba mabati ya kupoozea, basi usiifungie amplifaya ndani ya kabati la runinga.

Waya wa spika usiwe wa gharama ya ajabu. Shaba ya milimita 2.5 za mraba inatosha kwa mita 5. Ukwangue kwa wembe kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Na kabla hujailaumu amplifaya kwa ukali wa sauti, simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio wa tiiing ukirudi, ni vigae na kuta tupu. Kwa mzee tuliusikia wazi. Zulia zito mbele ya kochi na pazia nene lilibadilisha zaidi ya ambacho amplifaya yoyote ingebadilisha.

Ukienda dukani, chukua muziki unaoujua. Mimi hubeba rekodi ya ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, ya hayati mwanamuziki Hukwe Zawose. Vile vipande vya chuma vinavuma, na juu yake inapanda sauti ya mtu. Omba waunganishe spika za omu sawa na zako, kaa umbali ule ule wa nyumbani, ongeza sauti taratibu. Mahali ambapo chuma kinaanza kukwaruza kama mchanga kwenye kikaango, amplifaya imefika darini. Punguza hapo hapo, uangalie kitufe kimesimama wapi. Kama bado hujafikia sauti unayoizoea nyumbani, hiyo si yako, omba nyingine.