720,720 na mambo tunayoyakariri vibaya

Wanafunzi ninaowafundisha masomo ya ziada hapa Kirumba, Mwanza, wakiona namba ya tarakimu sita wengi huiogopa kabla hawajaigusa. Hofu hiyo inatokana na dhana walizokaririshwa, na 720,720 inazivunja karibu zote.

Dhana: namba ikiwa kubwa ndiyo huwa na vigawo vingi (namba zinazoigawanya bila baki).

Si kweli hata kidogo. 1,000,000 ina vigawo 49. 720,720 ni ndogo kuliko hiyo lakini ina vigawo 240, na chini ya milioni hakuna namba inayoizidi. Ukivuka milioni kidogo unakutana na 1,000,003, namba tasa, yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Kinachoamua ni vigawo tasa vilivyoijenga namba. Milioni ina 2 na 5 peke yake, kila moja mara sita. 720,720 ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

Ipeleke mwaloni, kwenye soko la samaki ziwani. Mauzo ya dagaa yakiwa shilingi 720,720, wagawane wawili, watatu, mpaka kumi na sita, haibaki hata shilingi. Wakiwa 7, kila mmoja anapata 102,960. Wakiwa 13, 55,440. Wakiwa 16, 45,045. Akiongezeka wa 17, zinabaki shilingi 5. 720,720 ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 1 hadi 16, yaani inagawanyika kwa zote. Ndogo zaidi yenye sifa hiyo haipo.

Dhana: kugawanyika kwa 7 hakuna kanuni.

Hii inaniuma, maana kanuni ipo na ni tamu. 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa hiyo tenga tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana; jibu likigawanyika kwa 7, 11 au 13, namba nzima nayo inagawanyika hivyo. 720 − 720 = 0, basi namba yetu inagawanyika kwa zote tatu. Kwa 345,352 unapata 352 − 345 = 7: inagawanyika kwa 7, ila si kwa 11 wala 13.

Wapo wanaojumlisha tarakimu kama tunavyofanya kwa 3 na 9. Kwa 7 haifai: tazama 25, 2 + 5 = 7, lakini 25 haigawanyiki kwa 7.

Dhana: ikiishia na 1, 3, 7 au 9 na kigawo hakionekani, ni tasa.

1,000,001 ni 101 × 9,901. Hata Pierre de Fermat, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliamini 4,294,967,297 ni tasa, mpaka mwaka 1732 Leonhard Euler alipoonesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Wala si lazima kujaribu kila namba. Jaribu namba tasa tu, na uishie kwenye kipeuo cha pili cha namba unayoipima. Kwa 1,000,003 kipeuo hicho ni 1,000 na kidogo, hivyo ni namba tasa 168 zilizo chini ya 1,000. 2, 3, 5, 7, 11 na 13 zina kanuni zake, kwa hiyo za kugawa kwa kalamu ni 162.