Intaneti ya nyumbani kwa wote na kwa bei nafuu: ina maana gani hasa?

Ukisikia tangazo kwamba intaneti "imewafikia" asilimia 90 ya wananchi, uliza kwanza ni kitu gani kilichohesabiwa. Mara nyingi huhesabiwa watu wanaoishi mahali ambapo mtandao unashika, wawe wanautumia au hawautumii. Na hata wanaoutumia, tangazo halisemi ni wangapi wanaoutumia wakiwa nyumbani kwao, bila kukimbizana na salio. Dhana tunayoieleza hapa inajishughulisha na hao wanaoachwa nje ya hesabu.

Kwa maneno ya kawaida, ni lengo kwamba kila kaya, popote ilipo na hata kipato chake kiwe kidogo namna gani, iwe na muunganisho wa kudumu nyumbani, wenye kasi inayotosha shughuli za kila siku, kwa bei ambayo kaya hiyo inaweza kuilipa mwezi baada ya mwezi bila kupunguza chakula, dawa wala karo. Masharti haya huenda pamoja. Nyaya zikipita mtaani lakini bei ikawashinda wakazi, lengo halijatimia. Bei ikiwa ndogo lakini kasi haiwezi kubeba somo la video, halijatimia pia.

Wazo la huduma kwa wote ni la zamani kuliko intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 20, Theodore Vail, aliyekuwa rais wa kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, alilifanya kuwa kaulimbiu ya kampuni yake, ingawa kwake lilikuwa pia njia ya kutetea simu zote ziwe chini ya mfumo mmoja, yaani wake. Mwaka 1934 sheria ya mawasiliano ya Marekani ikaweka ahadi ya huduma ya simu kwa watu wote, kwa kadiri iwezekanavyo, kwa gharama za wastani. Intaneti ilipokuja ikarithi ahadi hiyo. Estonia iliiingiza katika huduma za lazima kwa sheria ya mwaka 2000. Finland, kuanzia Julai 2010, ilimpa kila mkazi haki ya kisheria ya muunganisho wa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde (megabiti ni kipimo cha wingi wa data). Mwaka huohuo mahakama ya katiba ya Costa Rica ilitamka kwamba kupata intaneti ni sehemu ya haki za msingi. Uingereza ilianza Machi 2020, kwa megabiti 10.

Tazama tarakimu hizo: megabiti 1 mwaka 2010, megabiti 10 mwaka 2020. Huko Marekani, Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ilipandisha kiwango cha kinachostahili kuitwa intaneti ya kasi kutoka megabiti 25 za kupakua hadi 100. Lengo lenyewe linasogea kadiri shughuli zinavyohamia mtandaoni. Sheria inayotaja kasi bila kuweka utaratibu wa kuipitia upya itabaki kwenye vitabu huku wananchi wakisubiri ukurasa ufunguke.

Umoja wa Mataifa nao uliweka lengo, ndani ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, la kujitahidi kufikisha intaneti kwa wote na kwa bei nafuu katika nchi zenye maendeleo duni zaidi kufikia mwaka 2020. Mwaka huo ulipita. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, za mwaka 2024 zinaonyesha watu wapatao bilioni 5.5 wakitumia intaneti, na bilioni 2.6 wakiwa nje.

Ni rahisi kudhani kwamba hao bilioni 2.6 wanaishi mahali pasipo na mnara. Wapo wa namna hiyo, na hali yao ni ngumu kweli. Lakini walio wengi wanaishi chini ya mtandao unaoshika. Ndiyo maana wataalamu hutenganisha pengo la mtandao na pengo la matumizi. La kwanza huzibwa kwa minara na nyaya. La pili lina sababu nyingi: bei ya huduma, bei ya kifaa, umeme, kutojua kusoma, kukosa maudhui ya lugha ya mtu, na kwa wanawake wengi, kukosa uamuzi juu ya simu iliyomo nyumbani. Serikali hupenda pengo la kwanza kwa sababu mnara unaweza kuzinduliwa na kupigwa picha.

Sasa, kwa nini tusisitize nyumbani, ilhali simu ya mkononi inaingia mtandaoni? Kwa sababu bando hulipiwa kwa kipimo, na kitu cha kipimo hutumiwa kwa kubana. Mwenye bando la GB moja hazimi video kwa kuwa ameshiba somo. Anaizima ili abakize kidogo cha kutuma ujumbe kesho. Mtoto anasubiri simu ya mzazi irudi jioni, na ikirudi, wapo wadogo zake wanaoisubiri pia. Barua ya kuomba kazi huandikwa kwa kidole gumba. Muunganisho wa nyumbani usiokatwa kwa kipimo hubadilisha tabia: watu kadhaa hutumia kwa pamoja, mtu hujaribu jambo bila kuhofia kulipoteza bando, na mgonjwa huzungumza na daktari kwa video bila kuangalia salio. Simu ni mlango mzuri wa kuingilia, na kwa mamilioni ya watu ndio mlango pekee. Kuihesabu kuwa mbadala kamili wa intaneti ya nyumbani ni kuwapunguzia maskini kiwango ambacho wenye uwezo hawajipunguzii.

Neno "nafuu" lina kipimo rasmi. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018 kwamba bei ya kifurushi cha msingi cha intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa kila mtu kwa mwezi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa asilimia 5. Ni kipimo chenye manufaa, maana kinaruhusu nchi kulinganishwa, na kinaonyesha ukubwa wa tatizo: katika nchi za kipato cha chini, intaneti ya waya nyumbani hula karibu theluthi moja ya pato la wastani.

Hata hivyo kipimo hiki kina mianya miwili ambayo kila msomaji wa takwimu anapaswa kuijua. Wa kwanza ni wastani wenyewe. Chukua nchi ambayo pato la wastani ni 1,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile. Kifurushi cha 20 kinatimiza asilimia 2, na nchi inaandikwa kuwa imefaulu. Lakini kaya inayoingiza 150 italipa zaidi ya asilimia 13 ya kipato chake kwa kifurushi hichohicho. Kadiri tofauti ya kipato inavyokuwa kubwa, ndivyo wastani unavyowaficha watu wengi zaidi, na wanaofichwa ni walewale ambao dhana nzima ilitungwa kwa ajili yao.

Mwanya wa pili ni ukubwa wa kifurushi. Katika vipimo vya ITU, kifurushi cha intaneti ya waya hukadiriwa kwa kiwango cha chini cha GB 5 kwa mwezi. Video ya ubora wa juu huweza kula hadi GB 3 kwa saa. Hiyo ina maana kwamba kaya nzima ingemaliza mwezi wake ndani ya jioni moja. Bei inaweza kupita mtihani wa unafuu huku ikiwa bei ya kitu kisichotosha.

Gharama hii hutoka wapi? Si kwenye data yenyewe. Nyaya zikishakuwepo, kumhudumia mteja mmoja zaidi ni gharama ndogo. Fedha nyingi huishia ardhini: kuchimba mtaro, kupata vibali, kulipia nguzo, kuvuta waya hadi ukutani kwa mteja. Mtaro unaopita mbele ya nyumba 200 hugawanywa kwa 200. Mtaro wa kilomita 5 unaoishia kwenye nyumba tatu hugawanywa kwa tatu. Kampuni inayotafuta faida itaanza na mtaa wa 200, na ule wa nyumba tatu haitaufikia kamwe isipokuwa kuna anayefidia tofauti. Hakuna ubaya wa moyo katika hesabu hiyo, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini soko peke yake halijawahi kufikisha waya kwa kila mtu.

Njia ya zamani ya kufidia ni mfuko wa huduma kwa wote: kampuni za mawasiliano huchangia sehemu ya mapato, na mfuko hulipia maeneo yasiyo na faida. Nchi nyingi zinao. Udhaifu wake unajulikana. Fedha huweza kulala bila kutumika, au kuelekezwa kwenye minara tu. Marekani kuna tatizo jingine: mchango hukatwa zaidi kwenye mapato ya simu za sauti, ambayo yanapungua mwaka hadi mwaka, hivyo kiwango cha makato kimepanda hadi zaidi ya asilimia 30 ya mapato hayo.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu haisemwi vya kutosha, ni kupunguza gharama kabla ya kufikiria ruzuku. Barabara ikijengwa, bomba la kupitishia nyaya liwekwe humohumo. Nguzo na minara vitumiwe kwa pamoja. Jiji la Stockholm, Sweden, lilianzisha kampuni yake, Stokab, mwaka 1994, ikalaza nyaya za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, na kuzikodisha kwa mtoa huduma yeyote kwa masharti yaleyale. Kampuni hushindana juu ya nyaya zilezile badala ya kila moja kuchimba upya. Katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani, shirika la umeme la mji ndilo lililojenga mtandao wa faiba. Na wakati mwingine wananchi hujijengea: Guifi.net ilianza Catalonia, Hispania, mwaka 2004 ikawa mtandao mkubwa wa jamii, na huko kaskazini mwa Uingereza wanavijiji wa B4RN, mtandao wa faiba wa jamii, walichimba mitaro wenyewe, wakulima wakiruhusu nyaya zipite mashambani mwao bila malipo.

Setilaiti za karibu na dunia, zinazozunguka kwa umbali wa takriban kilomita 550 badala ya karibu 36,000 za setilaiti za zamani, zimeondoa ule ucheleweshaji uliokuwa ukiharibu mazungumzo. Kwa nyumba ya mbali kabisa ni ukombozi wa kweli. Kwa kaya maskini, dishi na ada ya mwezi bado ni kikwazo kilekile cha bei.

Kinachobaki ni kumsaidia mlipaji mwenyewe, na hapa Marekani imetoa funzo lililo wazi. Mwishoni mwa 2021 ilianza mpango wa kupunguza bili ya intaneti kwa dola 30 kwa mwezi kwa kaya za kipato cha chini. Kaya zaidi ya milioni 23 zilijiunga. Fedha zilikuwa za mkupuo mmoja, bunge halikuongeza, na tarehe 1 Juni 2024 mpango ukasimama. Nyaya hazikuondolewa katika nyumba hata moja, ila bili ilirudi pale ilipokuwa, na wale ambao dola 30 zilikuwa ndizo tofauti kati ya kuwa nayo na kukosa wakaachwa wachague upya.

Jimbo la New York limechukua njia isiyotegemea mkupuo wa fedha. Sheria yake ya mwaka 2021, iliyoanza kutekelezwa Januari 2025 baada ya mvutano mrefu mahakamani, inawataka watoa huduma wenyewe wazipe kaya zinazostahili kifurushi cha megabiti 25 kwa bei isiyozidi dola 15 kwa mwezi, au cha megabiti 200 kwa dola 20. Kampuni zilipinga kwamba bei hiyo itawakatisha tamaa ya kuwekeza, na zile ndogo zinaweza kuomba kuachiliwa. Hoja hiyo ya uwekezaji ni ya kupimwa kwa kuangalia mitaro itakayochimbwa miaka ijayo.